Hisani inayoondoka Ikulu pamoja na mume

Samia Suluhu Hassan alikula kiapo cha urais Machi 19, 2021, siku mbili baada ya taifa kutangaziwa kifo cha John Magufuli. Mumewe, Mzee Hafidh Ameir, ni ofisa kilimo mstaafu ambaye wananchi wengi walikuwa hawamjui hata kwa sura, na anaonekana hadharani kwa nadra. Tangu siku ile sijasikia mwandishi akiuliza taasisi yake ya hisani itaitwaje, itashughulika na wajane au na watoto njiti, na suti aliyovaa kwenye dhifa imeshonwa na fundi gani. Hakuna aliyelalamika kwamba nchi imekosa baba. Ameachwa aishi maisha yake, na serikali haijapungukiwa kitu.

Kama mwenza wa Rais angekuwa na kazi ambayo dola haiwezi kwenda bila hiyo, kazi hiyo ingemsubiri hata akiwa mwanamume. Haikumsubiri. Basi mzigo tuliowatwika wake wa marais kwa miongo mitatu, wa kufungua shule, kupakata yatima mbele ya kamera, kuchangisha fedha hotelini na kupendeza kuliko wageni wote ukumbini, umetokana na tunavyomtazama mwanamke. Katiba haina habari nao. Kwetu mke wa Rais hana kiapo, hana fungu lililopitishwa kwa jina lake, hana kamati ya Bunge inayomwita kujieleza. Alicho nacho ni ukaribu na mtu mwenye madaraka, na kwa ukaribu huo milango ya benki, balozi na kampuni za simu hufunguka kabla hajabisha hodi.

Sina ugomvi na wanawake hawa, na wengi wao nawaheshimu. Naandika kwa ajili ya wale waliolengwa na hisani yao: msichana yatima wa Rufiji, mjamzito wa Turkana, mama anayelima mwani Paje. Hao wanastahili huduma ambayo haiyumbi siku mume wa mtu anapokabidhi ofisi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mama Maria Nyerere alisomea ualimu, akaolewa mwaka 1953, na Mwalimu alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili kuishika TANU, mama huyo alisaidia kuilisha familia kwa duka dogo la mafuta ya taa na mahitaji ya nyumbani. Alipoingia Ikulu hakuanzisha mfuko wenye jina lake. Na hata kama angetaka kujitanua kiuchumi, mumewe na chama chake waliweka kizuizi. Azimio la Arusha la mwaka 1967, katika masharti ya uongozi, lilikataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili na kumiliki nyumba za kupangisha. Kisha likaeleza kiongozi ni nani: mwanamume pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Sharti hilo lilikuwa kali, na naamini liliwaumiza wanawake wengi waliokuwa na vijishughuli vyao halali. Lakini waandishi wa Azimio waliliona jambo ambalo sisi wa leo tunalikwepa: mali na ushawishi wa kiongozi havikomei kwake, vinalala naye kitanda kimoja.

Kazi ya kuwainua wanawake wakati huo ilikuwa na mahali pake. UWT, umoja wa wanawake, iliundwa mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed akiwa kiongozi wake wa kwanza, na Bibi Titi hakuwa mke wa Rais. Baadaye jumuiya hiyo iliongozwa na Sofia Kawawa, mkewe Rashid Kawawa. Yeye ni mfano ninaopenda kuutaja, kwa sababu alikuwa mke wa kigogo na wakati huohuo alikuwa na kiti cha uongozi ambacho wanachama wangeweza kumnyang'anya. Mwaka 1988 aliposimama kuhoji ndoa za mitala na sheria zinazomgandamiza mwanamke, Zanzibar kulizuka maandamano na watu wakapoteza maisha. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga. Lakini aliyekuwa akisema ni mwenyekiti wa jumuiya, na waliomjibu walimjibu kama mwanasiasa. Hapakuwa na pazia la umama mbele yake.

Mama Siti Mwinyi naye alikaa miaka kumi karibu na madaraka, kuanzia 1985 hadi 1995, kwa mwendo wa utulivu kama ule wa Mama Maria. Kumbe nje ya mipaka yetu mtindo mpya ulikuwa umeshaanza. Ghana, Nana Konadu Agyeman-Rawlings aliijenga Harakati ya Wanawake ya Desemba 31 tangu 1982. Uganda, Janet Museveni alianzisha UWESO mwaka 1986 kwa ajili ya yatima wa vita na baadaye wa UKIMWI. Nigeria, Maryam Babangida alizindua mwaka 1987 mpango wa maisha bora kwa wanawake wa vijijini. Ni miaka ileile ambayo serikali za Afrika, zikibanwa na masharti ya mikopo, zilipunguza watumishi, zikaweka ada shuleni na malipo hospitalini. Wafadhili nao walikuwa wamechoka na wizara, wakawa wanatafuta njia nyingine ya kupitishia fedha. Mke wa Rais alikuwa njia hiyo: yuko karibu na serikali lakini hana urasimu wake, anapigika picha, na hakuna mbunge anayemuuliza swali la nyongeza.

Kwetu mtindo huo uliingia rasmi mwaka 1997, Mama Anna Mkapa alipoanzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote, EOTF. Ulijikita kwa wanawake wajasiriamali, hasa wasindikaji wa vyakula, ambao uliwafundisha kufungasha bidhaa na kuwatafutia meza kwenye Sabasaba. Kazi hiyo ilikuwa na maana. Mama wa achari na unga wa lishe ambaye leo ana lebo na alama ya ubora, huenda alishikwa mkono pale. Mwaka 2006 Mama Salma Kikwete akafuata na WAMA, Taasisi ya Wanawake na Maendeleo, akaelekeza nguvu kwenye elimu ya wasichana, afya ya uzazi na maambukizi ya VVU. Shule ya wasichana ya WAMA-Nakayama, iliyojengwa Nyamisati, Rufiji, kwa mchango wa Wajapani, iliwachukua watoto ambao bila hiyo wangeishia jikoni kwa shangazi au kwenye ndoa ya utotoni.

Sasa tazama fedha zilivyokuwa zikija. Kampuni ya madini au ya simu inapeleka ofisa wake Ikulu au kwenye ofisi za taasisi. Anashika ubao mkubwa uliochapwa nambari, magazeti yanaandika kwamba amekabidhi mfano wa hundi, na kesho yake picha iko ukurasa wa tatu. Kampuni hiyohiyo ina leseni inayosubiri kuhuishwa, ina mgogoro wa kodi, ina zabuni inayoitaka. Sisemi kila mfano wa hundi ulinunua upendeleo; sina ushahidi wa hivyo. Nasema utaratibu wenyewe haumpi mtu yeyote nafasi ya kujua. Mtoaji hawezi kukataa kwa raha, mpokeaji hawezi kuchunguza nia, na mwananchi hawezi kuona hesabu.

Sheria yetu ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya mwaka 1995, inamtaka kiongozi atangaze mali zake, za mwenza wake na za watoto wake walio chini ya umri ambao hawajaoa wala kuolewa. Vizuri. Lakini taasisi ya hisani haihesabiwi kuwa mali ya mtu. Ina bodi ya wadhamini au usajili wa asasi, na kwa hiyo inapita pembeni ya fomu ya Kamishna wa Maadili hata kama kila shilingi iliyoingia imekuja kwa sababu ya kitanda kilekile walichokiona waandishi wa Azimio. Tulilizika Azimio hilo Zanzibar mwaka 1991 na hatukuweka kitu cha kuziba pengo hilo.

Mwaka 2005 Rais Mkapa alipong'atuka, sauti ya EOTF ilipungua. Mwaka 2015 ikawa zamu ya WAMA. Sizilaumu taasisi hizo kwa kupungua, kwa kuwa ilikuwa lazima zipungue. Ofisa aliyeshika ubao wa hundi hakuwa amevutiwa na wasichana wa Nyamisati, alivutiwa na anwani ya Ikulu. Anwani ilipobadilika, akahama nayo. Na kila mke mpya akianzisha taasisi mpya yenye nembo mpya, watumishi wapya na kauli mbiu mpya, tunapoteza kila baada ya miaka kumi uzoefu ambao ungekuwa umeshakomaa ndani ya halmashauri au wizara.

Mama Salma mwenyewe, kwa maoni yangu, alipata mlango bora baadaye. Machi 2017 Rais Magufuli alimteua kuwa mbunge, na mwaka 2020 akaingia bungeni kwa jimbo la Mchinga, Lindi. Akisema bungeni kuhusu mimba za utotoni, anasema kama mbunge anayeweza kubanwa na kanuni, kupingwa na waziri na kunyimwa kura na watu wake. Uganda, Janet Museveni amefika mbali zaidi kwa njia hiyo, ubunge wa Ruhaama, kisha uwaziri wa Karamoja na mwaka 2016 Wizara ya Elimu na Michezo, ingawa pale waziri anateuliwa na mumewe na hilo lina matatizo yake ambayo hayahitaji kufafanuliwa.

Mama Janeth Magufuli aliikata ile minyororo. Alikuwa mwalimu wa Shule ya Msingi Mbuyuni, Dar es Salaam, na katika miaka mitano na ushei ya Ikulu hakujulikana kwa mfuko wowote mkubwa wenye jina lake. Alionekana akipeleka chakula kwenye makazi ya wazee, akarudi nyumbani. Wapo waliomwona amefifia. Lakini jambo lililonigusa kuliko misaada yote ya wake wa marais ni la Novemba 2016, alipougua na kulazwa Muhimbili. Miezi saba kabla ya hapo, Aprili 26, 2016, Mama Lucy Kibaki wa Kenya alikuwa amefariki akitibiwa London. Simhukumu marehemu, mgonjwa hutafuta uzima popote. Ila mwenza wa Rais anapolala kwenye hospitali ya umma, daktari, muuguzi, mkurugenzi na waziri wanapata sababu ya kuangalia dawa zilizopo stoo ambayo hakuna hafla ya kukabidhi mashuka inayoweza kuwapa.

Huyu Mama Lucy anastahili kukumbukwa vizuri zaidi ya tulivyomkumbuka. Alikuwa mwalimu na mkuu wa chuo cha ualimu kabla ya kuacha kazi kwa ajili ya familia. Alisukuma kwa miaka kadhaa ajenda ya UKIMWI kupitia umoja wa wake wa marais wa Afrika ulioundwa mwaka 2002. Lakini Wakenya wengi wanamkumbuka kwa usiku wa Mei 2005 alipovamia chumba cha habari cha Nation Media Group kupinga alivyoandikwa. Halafu, kwa upande mwingine, jina lake limebandikwa kwenye hospitali ya umma ya Embakasi, na leo mtu wa Eastlands akisema anampeleka mtoto Mama Lucy, hafikirii mtu, anafikiria foleni. Nairobi kuna pia Mama Margaret Uhuru, Korogocho. Majengo ya umma yanapewa majina ya wake, kana kwamba ni wao waliotoa, na hapo mwananchi anafundishwa kushukuru kwa kitu ambacho ni haki yake.

Kampeni ya Margaret Kenyatta, mke wa Rais Uhuru Kenyatta aliyemfuata Kibaki, ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote katika ukanda huu, na ndiyo sababu inafaa kuchambuliwa kwa undani. Beyond Zero, ya kupunguza vifo vya akina mama na watoto, ilizinduliwa Januari 2014. Utafiti wa afya na demografia wa Kenya wa mwaka huo ulionesha akina mama 362 wakifa kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 488 katika utafiti wa 2008 na 2009. Mama Margaret hakukaa mezani. Alikimbia mwenyewe, na Aprili 2014 alimaliza mbio ndefu za London ili kuchangisha. Lengo lilikuwa kliniki tembezi kwa kila kaunti kati ya 47. Lilikuwa lengo linalohesabika, na fedha zilikuwa na kitu cha kuonesha. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa nchini Kenya ukamtuza.

Kisha yakaja maswali ya kawaida. Katiba ya Kenya ya 2010 ilishusha huduma za afya kwa kaunti. Gari lilinunuliwa kwa kampeni ya Ikulu, lakini muuguzi wa kulipanda, dereva wa kuliendesha, mafuta, matairi na dawa ni vya gavana. Katika baadhi ya kaunti magari yalifanya kazi. Katika nyingine vyombo vya habari vya Kenya viliyakuta yameegeshwa, hayana watumishi wala mafuta. Mtoaji aliwajibika kwa kutoa tu. Kaunti nayo ilikuwa imepokea zawadi ambayo haikuiomba na haikuipangia bajeti. Hapo hakuna mbaya wa kumnyooshea kidole. Kuna gari zuri lililoingia kwenye mfumo kwa dirishani.

Linganisha na kilichofanyika kwetu miaka ya karibuni. Utafiti wa 2015 na 2016 ulikuta vifo vya uzazi Tanzania ni 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikuta 104. Sababu ni nyingi: vituo vya afya vilivyoongezewa vyumba vya upasuaji, watumishi walioajiriwa, wajawazito wengi zaidi kujifungulia kituoni. Mmoja wa mipango inayosifiwa ni m-mama, uliotangazwa kuenea nchi nzima Aprili 2022. Mjamzito akipata dharura, mtu anapiga 115 bure, kituo cha mawasiliano kinatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu kinamwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye atalipwa safari yake. Hakuna picha nzuri ndani yake. Ni namba ya simu, orodha ya madereva na malipo yanayofika kwa wakati. Ilianza kwa fedha za wafadhili pia, lakini ilipangwa tangu mwanzo ikae ndani ya serikali na ibaki humo. Na imekua chini ya Rais ambaye mwenza wake hana taasisi yoyote tunayoijua. Wanaodhani sura laini ya Ikulu ndiyo inayookoa akina mama wautafakari mfano huu.

Zanzibar njia ya taasisi bado inaendelea. Mama Mariam Mwinyi alianzisha Zanzibar Maisha Bora mwaka 2021, na inashughulika na lishe, taulo za kike za wanafunzi na wakulima wa mwani, kazi ambayo visiwani iko mikononi mwa wanawake kwa sehemu kubwa. Ni maeneo yaliyochaguliwa kwa akili. Mkulima wa mwani anasimama majini tangu maji yanapokupwa, analipwa bei ndogo kwa kilo, na anahitaji mtu mwenye nguvu wa kumsemea kwa wanunuzi. Hofu yangu ni ileile: siku Rais Hussein Mwinyi atakapomaliza muda wake, nani atabaki akimsemea? Kama jibu ni Wizara ya Uchumi wa Buluu, basi kazi hiyo ianze kuhamia wizarani sasa, wakati mwenye taasisi bado ana sauti ya kuisukuma.

Nimeacha mavazi hadi hapa makusudi, kwa kuwa kila tunapoanza nayo tunaishia nayo. Julai 2, 2013, Michelle Obama na Laura Bush walikaa jukwaa moja Dar es Salaam mbele ya wake wa marais wa Afrika. Michelle alisema jambo lenye hekima: watu wakishughulika na viatu na nywele zenu, nendeni mkasimame mbele ya kitu muhimu, na mwishowe watayaacha macho yao yahamie pale. Nilitamani iwe kweli kwetu. Kwa bahati mbaya, macho hayajahama. Mitandao yetu inatoa uamuzi kuhusu mshono wa gauni ndani ya saa moja, na hesabu za taasisi haziulizwi kwa miaka kumi.

Hata hivyo siamini mavazi ni upuuzi. Kitambaa ni siasa ya uchumi. Mama Maria na kizazi chake walivaa vitenge na vilemba katika nchi iliyokuwa na viwanda vya nguo. Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma kukawa na Mutex. Mkulima wa pamba wa Shinyanga angeweza kumwona mke wa Rais na kuamini kwamba kuna jasho lake kwenye lile gauni. Leo kitenge cha Kariakoo kimesafiri kutoka ng'ambo, pamba yetu nyingi inauzwa nje ikiwa marobota, na kamati za vazi la taifa zimeundwa zaidi ya mara moja bila kutupatia vazi tunalolivaa. Mwenza wa Rais, mke au mume, akiamua kwamba kila anachovaa hadharani kimefumwa na kushonwa nchini, na jina la kiwanda na la fundi likatajwa, hatakuwa amechangisha senti kwa mtu. Fundi cherehani ataongezewa wateja wiki ileile. Mtindo wa namna hiyo ningeuandika kila mwezi.

Swali la fedha za umma nalo limeshafumuka kwa wenzetu. Ghana, Julai 2021, kulipozuka hasira kuhusu pendekezo la kuwalipa mishahara wake wa Rais na wa Makamu wake, Rebecca Akufo-Addo aliamua kurudisha takriban sedi 899,000 alizokuwa amelipwa kama posho tangu 2017. Kenya, vijana walipoingia barabarani Juni 2024 kupinga Muswada wa Fedha, Rais William Ruto alitangaza Julai 5 kwamba mafungu ya ofisi ya mkewe, ya mwenza wa Naibu Rais na ya mwenza wa Mkuu wa Mawaziri yanaondolewa kwenye bajeti. Vijana wale hawakuwa na chuki na Mama Rachel. Waliangalia vitabu vya bajeti, wakakuta fedha kwa ofisi ambayo hakuna aliyeipigia kura, huku wao wakiambiwa mkate na data zitatozwa kodi zaidi.

Kuna jambo moja linalonishangaza kila nikiitazama orodha hii. Maria Nyerere, Salma Kikwete, Janeth Magufuli, Lucy Kibaki, Margaret Kenyatta, Rachel Ruto: wote walisomea ualimu au waliufanya. Afrika Mashariki imewachukua walimu, imewapa walinzi na mialiko, halafu imewaomba wawe wafadhili. Marekani, Jill Biden aliendelea kufundisha chuo cha jamii kwa muda wote mumewe alipokuwa Rais, kuanzia 2021 hadi 2025. Walinzi walikuwepo na vipindi viliendelea. Najua Mbuyuni haina uzio wa chuo cha Marekani, na mwalimu wa darasa la tatu mwenye msafara ni usumbufu kwa shule. Lakini Wizara ya Elimu haikosi kazi ya mwalimu mzoefu. Ukaguzi wa shule, mafunzo ya walimu kazini, uandishi wa vitabu vya kiada, vyote vinamhitaji, na vyote vina mkuu wa idara anayeweza kumwambia kazi yake haijakamilika.

Anayetaka hisani asizuiwe. Awe mlezi wa taasisi iliyokuwepo kabla yake na itakayokuwepo baada yake, kama hospitali inayotibu fistula au kituo cha watoto wenye usonji, yenye bodi isiyoteuliwa na familia yake. Ashawishi, atembelee, aseme na waandishi, lakini hundi iandikwe kwa jina la hospitali na ipokewe na mhasibu wa hospitali. Kama tayari ana taasisi yake, isipokee mchango kutoka kwa kampuni yenye zabuni, leseni au shauri la kodi serikalini kwa kipindi chote mume au mke wake yuko madarakani. Kanuni za asasi za mwaka 2018 zinataka fedha zinazozidi Sh20 milioni zitangazwe hadharani. Taasisi ya mwenza wa Rais, hata ikiwa imesajiliwa kama udhamini, iwe ya kwanza kutii. Na mwaka mmoja kabla ya muhula kwisha, shule, magari na miradi yake iwe imeshapata mrithi mwenye bajeti, iwe ni halmashauri, wizara au shirika la dini.

Mahali pa kuandika haya papo. Mwaka 2023 Bunge letu lilijadili muswada uliogusa mafao ya wenza wa Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu, kwa hoja kwamba watu hawa huacha kazi zao na kuhudumia taifa. Naikubali hoja hiyo, na naona ni haki mwalimu aliyeacha chaki kwa ajili ya Ikulu asizeeke kwa kubahatisha. Lakini ikiwa sheria inamtambua mwenza anapolipwa, imtambue pia anapopokea. Kifungu kimoja kinachomtaka Kamishna wa Maadili apewe kila mwaka hesabu zilizokaguliwa za taasisi yoyote inayoongozwa na mwenza wa kiongozi mkuu, na azichapishe, kinaweza kupelekwa bungeni katika mkutano wowote wa Bunge, na mbunge yeyote, hata kwa hoja binafsi.